Shajara ya kucha kumi: wiki sita za kujifunza kujipaka rangi nyumbani

Siku ya 1

Naanza leo. Lengo langu ni kujipaka rangi nyekundu iliyokolea kwenye kucha zote kumi, mwenyewe, nyumbani, bila rangi kugusa ngozi, na ikae siku 5 kabla haijaanza kubanduka. Nyekundu nimeichagua kwa makusudi. Rangi hafifu hukusitiri. Ikipita mpaka kidogo hakuna anayeona. Nyekundu haifichi kitu.

Kwa miaka nimeamini kwamba kupaka vizuri ni kipaji cha watu wenye mikono mitulivu. Mkono wangu hutetemeka kidogo tangu utotoni, hasa nikishika kitu chembamba. Nataka nijue kama shida ni mkono kweli au ni namna ninavyofanya.

Kipimo nimekiweka hivi: ukucha ni "safi" iwapo rangi haijagusa ngozi popote, ukingo wa kwenye shina ni upinde mmoja usio na meno, na uso hauna michirizi wala mapovu. Nahesabu kabla sijafuta chochote. Leo nimepaka kama nilivyozoea ili nipate pa kuanzia. Mkono wa kushoto, unaopakwa na wa kulia: safi 2 kati ya 5. Mkono wa kulia: hakuna hata mmoja. Muda: dakika 72, na nyingi ya hizo zilikuwa za kufuta.

Siku ya 2

Nimeamka na alama za shuka kwenye kucha nne. Zile nyuzi za kitambaa zimejichora juu ya rangi, mstari kwa mstari, kama mhuri. Niligusa kabla ya kulala na nikaona imekauka. Ilikuwa imekauka juu tu.

Nimesoma kidogo kuhusu kilichomo kwenye chupa, na sasa naelewa. Rangi ya kucha ya kawaida ni nitroselulosi iliyoyeyushwa kwenye vimiminika vinavyogeuka mvuke na kuruka upesi, hasa asetati ya ethili na asetati ya butili. Vikisharuka, kinachobaki ni utando mgumu unaong'aa. Ni jamaa wa rangi zilizopakwa magari miaka ya 1920. Vimiminika hutoka kupitia juu, kwa hiyo ukipaka nene, uso hujifunga wakati chini bado ni laini, na cha chini hakina tena njia ya kutoka haraka. Ndiyo maana tabaka moja nene huchelewa kuliko matabaka mawili membamba yaliyopeana nafasi. Hata hivyo, rangi inayoonekana kavu baada ya dakika 15 huhitaji saa kadhaa kabla haijawa ngumu mpaka chini.

Uamuzi wa kwanza wa mradi: sipaki tena usiku kabla ya kulala. Napaka mchana, dirisha likiwa wazi. Vimiminika hivi vina harufu kali na hushika moto upesi, kwa hiyo hakuna mshumaa wala jiko karibu.

Siku ya 5

Siku nzima ya maandalizi, sijafungua chupa ya rangi hata kidogo.

Kwanza kutoa rangi ya zamani. Nilikuwa nasugua pamba huku na huku, na wekundu wote unahamia kwenye ngozi ya pembeni, halafu nauchafua mkono mzima. Sasa naloanisha pamba kwa asetoni, naikandamiza juu ya ukucha, nahesabu mpaka 15, kisha navuta mara moja kuelekea ncha. Rangi inatoka na pamba yake. Pembeni panabaki pasafi.

Kisha tupa ya kucha. Naipitisha upande mmoja tu, kutoka pembeni kuja katikati, wala sikerezi mbele na nyuma kama msumeno. Kucha zangu hupasuka matabaka kwenye ncha, na kukereza mbele na nyuma kulikuwa kunazidisha. Nimezipa umbo la mviringo mfupi, zote kumi zifanane. Hili lina uzito kuliko nilivyodhani: ukucha uliokaa upande hauwezi kuonekana nadhifu hata ukipakwa na fundi.

Sehemu iliyonichukua muda ni ile ngozi nyembamba ya shina. Nilizoea kuikata. Nimeacha. Ngozi ile ndiyo inayoziba mlango kati ya ukucha na kidole, na ukiikata unawafungulia vijidudu. Naisukuma tu nyuma, taratibu, kwa kijiti cha mti kilichozungushiwa pamba, baada ya kuoga inapokuwa laini. Halafu nasubiri.

Kusubiri kuna sababu. Ukucha hunyonya maji na kuvimba kidogo, kisha hujikunja tena ukikauka. Ukipaka ukiwa umevimba, utando wa rangi unaachwa juu ya kitu kinachosinyaa, na hapo ndipo mipasuko na kubanduka huanzia. Miaka yote nilikuwa naloweka vidole kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi kabla ya kupaka, nikidhani naandaa. Sasa maji na rangi nimevitenganisha kwa angalau saa moja. Mwisho kabisa, kabla ya chupa kufunguliwa, kila ukucha unafutwa kwa pamba yenye asetoni kidogo ili mafuta ya mwili yaondoke. Ukishaufuta, usiuguse tena.

Siku ya 8

Mazoezi ya brashi. Nimekata karatasi ya plastiki inayoonyesha, nikachora vivuli vya kucha zangu kwa kalamu, na nimepaka hapo mpaka nimechoka. Nimepaka vivuli 40.

Nilichojifunza ni kiasi. Brashi ikitoka chupani imebeba rangi ya kutosha kucha mbili au tatu, pamoja na ile inayoteremka kwenye shina la brashi na kuja kudondoka wakati hukuitegemea. Sasa nafuta upande mmoja wa brashi kabisa kwenye mdomo wa chupa, na shina lake pia, nabakiza tone moja upande wa pili. Ukiiinua kwenye mwanga unaliona tone lile limening'inia kwenye ncha, dogo kama kichwa cha kiberiti au chini ya hapo. Hilo ndilo la ukucha mmoja. Kidole cha mwisho hutaka nusu yake.

Tone hilo silianzishi kwenye shina. Naliweka katikati ya ukucha, mbele kidogo ya shina, kisha nasukuma brashi nyuma polepole. Nikikandamiza kidogo, nywele za brashi hufunguka kama kipepeo na rangi hutangulia mbele yake. Inafika karibu na ngozi na kujipinda yenyewe, upinde safi, bila mimi kuuchora. Nilirudia mara nyingi kwa sababu kulitazama tone likitembea ni raha. Linaposalia na nafasi ya unene wa uzi kabla ya ngozi, nasimama na kuvuta brashi mpaka nchani. Kisha mpigo wa kushoto, kisha wa kulia. Mipigo mitatu. Wa nne ni hatari, kwa sababu rangi imeshaanza kushika na brashi inaacha michirizi.

Uzi huo wa nafasi niliuogopa, nikidhani utaonekana kama kazi isiyokamilika. Kumbe ndio unaofanya kazi ionekane safi. Jicho linaona mpaka ulionyooka. Halioni kwamba kuna nafasi.

Kwenye mkono wa kushoto halisi: safi 4 kati ya 5.

Siku ya 11

Mapovu. Vitundu vidogo sana kwenye kidole cha shahada na cha kati, kama uso wa unga uliochachuka. Nilitikisa chupa kwa nguvu kabla ya kuanza. Kutikisa huingiza hewa. Sasa naiviringisha kati ya viganja mpaka rangi iliyotuama chini ichanganyike. Pia nilikuwa nimewasha feni ikinielekea ili rangi ikauke upesi, na ninaamini ilichangia kwa kukausha uso mapema mno. Feni imehamia upande wa pili wa chumba.

Siku ya 13

Leo ni siku ya mkono wa kulia, yaani siku ya kupaka kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa naikwepa.

Nimejaribu kwanza kwa nguvu ya nia: nimekaza kidole, nimekaza bega, nimezuia pumzi. Safi 0 kati ya 5. Kadiri nilivyojikaza ndivyo brashi ilivyocheza zaidi. Nimefuta, nimeanza upya, matokeo yaleyale, na wakati huo machozi yalikuwa karibu. Mdogo wangu alikuwa amekaa mkabala nami muda wote bila kusema neno. Akauliza:

"Dada, mbona brashi ndiyo inayozunguka?"

"Izunguke nini sasa?"

"Zungusha kidole. Mkono wa kushoto uache utulie, ule wa kulia ndio unaojua kazi."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema kwa sababu ndiyo yaliyobadilisha mradi huu. Mkono wangu wa kulia ni hodari. Kwa nini nimwachie yule asiyejua kazi yote? Kwa hiyo sasa nimepanga hivi: viwiko vyote viwili viko mezani. Kiganja cha kushoto kimelala ubavu juu ya meza, na kidole cha mwisho cha kushoto kinagusa pembeni ya mkono wa kulia, ili mikono miwili iwe kitu kimoja. Mmoja ukitetemeka, wa pili unatetemeka nao, na umbali kati yao haubadiliki. Brashi inashuka na kutulia kwenye ukucha. Kisha kidole cha kulia kinarudi nyuma chini ya brashi, taratibu. Kwa mipigo ya pembeni, naviringisha kidole upande ili ubavu wa ukucha uje juu na kuifuata brashi.

Safi 3 kati ya 5. Nimezitazama kucha zile kwa muda mrefu sana. Miaka yote nimekuwa nikiulaumu mkono kwa kutetemeka hewani, na kumbe haukupaswa kuwa hewani.

Nimebadilisha na mpangilio pia. Sasa naanza na mkono wa kulia, wakati wa kushoto bado hauna rangi mbichi ya kuilinda na mimi sijachoka. Vidole gumba vinakuja mwisho, kwa sababu ndivyo vinavyoshika chupa.

Siku ya 17

Simu ililia, nikainyoosha mikono bila kufikiri. Ukucha wa kidole cha pete umekwaruzwa hadi chini, na rangi imejikunja upande mmoja kama zulia.

Zamani ningefuta wote. Leo nimejaribu kurekebisha: nimelowesha ncha ya kidole kingine kwa asetoni kidogo sana, nikapapasa juu ya mkunjo kwa mguso wa haraka mara mbili tatu, mpaka rangi ikalainika na kujisambaza tena. Nikasubiri dakika 10, nikapitisha tabaka jembamba juu ya ukucha mzima. Ukitazama kwa mbali huoni. Ukiukaribia kwenye mwanga wa dirisha, kuna bonde dogo. Njia hii inafaa rangi ikiwa bado mbichi. Ikishakuwa ngumu ni heri kufuta na kuanza ukucha huo upya.

Simu sasa inabaki chumba kingine.

Siku ya 20

Jaribio la rangi ya msingi, ile isiyo na rangi inayotangulia chini. Kwa wiki nzima mkono wa kulia ulipakwa msingi kwanza, wa kushoto haukupakwa. Leo nimefuta yote. Wa kulia umetoka kama ulivyokuwa. Wa kushoto una umanjano, zaidi kwenye kidole gumba na cha shahada. Rangi nyekundu na nyingine zilizokolea huacha doa hilo kwenye ukucha wenyewe, na halisuguliki wala sitaki kulikwangua. Litaondoka kwa kukua. Kucha za mikono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, na ukucha mzima huchukua karibu miezi 6 kutoka shina hadi ncha, kwa hiyo doa hili nitaishi nalo kwa miezi. Sikufurahi kuupaka mkono wangu doa kwa ajili ya jaribio, lakini sasa nina jibu langu mwenyewe: msingi hauachwi.

Jambo jingine la wiki hii: kubanduka kulianzia nchani kila mara, hakukuanzia shinani hata siku moja. Ncha ndiyo inayogonga kila kitu. Basi kila tabaka, la msingi, la rangi na la juu, namalizia kwa kupitisha brashi kwenye ukingo wa mbele wa ukucha, kwenye unene wake, ili rangi ipinde na kuufunika. Mkono wa kwanza uliofanyiwa hivyo ulikaa siku 4 bila kubanduka. Kabla ya hapo haukuwahi kuvuka siku 2.

Siku ya 26

Chupa imekuwa nzito, rangi inavuta nyuzi kama asali. Niliongeza matone ya asetoni. Kosa. Siku hiyo ilionekana nyepesi, lakini juu ya ukucha ilikuwa na michirizi na mng'ao ulipungua, na baada ya siku tatu ilikuwa nzito kuliko mwanzo. Asetoni ni ya kutolea rangi. Ya kuchanganya ni ile dawa maalumu ya kulainishia, iliyotengenezwa kwa vimiminika vilevile vilivyomo chupani. Matone mawili matatu, viringisha, subiri, tazama. Chupa niliyoiharibu nimeitupa.

Ili isitokee tena, nafuta mdomo wa chupa kila ninapomaliza. Rangi iliyoganda pale ndiyo inayozuia kifuniko kukaza, na hewa inaingia.

Siku ya 30

Nimejaribu nyeupe. Michirizi kila mahali hata kwa matabaka matatu. Rangi nyeupe na zile hafifu zenye unyeupe mwingi zinahitaji mkono mwingine kabisa. Nimerudi kwenye nyekundu, nyeupe itakuwa mradi wake.

Siku ya 34

Kuhusu kusafisha pembeni. Nimejaribu njia tatu.

Mafuta ya mgando kuzunguka ukucha kabla ya kupaka, ili rangi isishike ngozi: siipendi. Mafuta hutambaa. Kucha mbili zilipata mafuta kwenye shina na hapo rangi ikanyanyuka siku iliyofuata. Kijiti cha pamba chenye asetoni: pamba ni nene mno, hula mpaka ndani ya rangi nzuri na kuacha nyuzi zake. Brashi ndogo bapa ya kuchorea, iliyochovywa kwenye asetoni kisha ikafutwa kwenye karatasi laini mpaka iwe na unyevu tu: hii ndiyo. Ncha yake naiweka kwenye ngozi, si kwenye ukucha, na kuitembeza kufuata upinde. Ikiwa na asetoni nyingi, inateremka kwenye shina na kuyeyusha kila kitu, kwa hiyo nafuta brashi kwenye karatasi kila baada ya mguso mmoja. Asetoni hukausha ngozi sana, na baada ya rangi kuwa ngumu napaka mafuta kidogo kuzunguka kucha zote.

Kipimo cha leo kabla ya kusafisha: kushoto 5 kati ya 5, kulia 3. Baada ya kusafisha, kucha zote kumi zinaonekana sawa.

Siku ya 38

Mama ameona. Alinyoosha mikono yake mezani bila kusema mengi: "Haya mwanangu, na mimi."

Kumpaka mtu mwingine ni kazi nyingine. Kidole chake hakijui brashi inaelekea wapi, kwa hiyo nilikishika kwa kidole gumba na cha shahada, nikivuta ngozi ya pembeni nyuma kidogo ili ukingo wa ukucha uonekane wote. Kucha zake zina mifereji ya urefu, kama zinavyokuwa za watu wengi umri ukienda, na rangi ilizama humo. Tabaka la pili la msingi lilisawazisha kiasi. Alitulia kabisa kwa dakika 50, mikono yake ndani ya yangu. Alichagua waridi.

Siku ya 42

Kipimo cha mwisho. Msingi tabaka 1, nyekundu matabaka 2, ya juu 1. Dakika 3 kati ya tabaka na tabaka, na saa moja ya kukaa bila kushika kitu. Muda wote, ukiacha saa hiyo: dakika 46. Kushoto 5 kati ya 5, kulia 4. Ilikaa siku 5 kamili kwenye kucha zilizopakwa wiki iliyopita, na ya sita ndipo kidole cha shahada cha kulia kilipobanduka nchani, kipande kidogo cha upande.

Uliobaki ni ukucha wa kidole gumba cha kulia. Ni mpana na umejipinda kuliko wenzake, na ubavu wake wa ndani unanitoroka kila mara, kwa sababu nikiviringisha gumba upande huo, mkono mzima unanyanyuka mezani. Jana nimejaribu kuweka kitambaa kilichokunjwa chini ya kiganja ili kiinuke kidogo. Gumba lilifika. Kesho nafuta huo mmoja na kuujaribu tena, kitambaa kikiwa kimekunjwa mara mbili.